Breki Zikiwa Baridi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari ameagiza iandikwe kila siku: Kaka amekohoaje, amepumzika mara ngapi kutoka getini hadi kwenye meza ya kazi, ameamkaje. Wifi yangu amesema yeye atamwangalia nyumbani, mimi nimwangalie gereji. Kwa kuwa mwandiko wangu ndio unaosomeka, kazi ya kuandika imeniangukia. Kaka ameliona daftari akaniuliza kama naandika wosia wake. Nimemwambia wosia huandikwa na mwenye mali.

Leo kapumzika mara moja, pale kwenye tangi la maji. Alijifanya anakagua koki.

Jumanne, 5 Machi

Mara moja. Kikohozi kidogo asubuhi.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu ameleta gari lake. Ni mstaafu, mkewe alishafariki, watoto wako mbali, na gari hilo jeusi analiongelea kama mtu anavyomwongelea mjukuu. Limenizidi umri miaka tisa. Jumamosi hulipamba maua akawabeba maharusi hadi ukumbini, mwendo wa kinyonga, yeye mwenyewe kwenye usukani. Anasema breki zinalia mpaka maharusi wanageuka kuangalia nyuma.

Nimefungua magurudumu yote manne. Lainingi zimekwisha, yaani kile kipande kilichopigiliwa kwa ribiti juu ya kiatu cha breki, kinachobana dramu, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu, mpaka gurudumu lisimame. Mbele kushoto, vichwa vya ribiti vimeanza kula chuma.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Stoo tuna sanduku la lainingi alizoacha marehemu baba, za asbesto. Ni laini na zinashika ukigusa tu pedali. Gari la Mwalimu halina kifaa cha kuusaidia mguu kama magari ya siku hizi, nguvu yote inatoka kwenye goti la dereva, na kwa gari kama hilo sijaona kitu kilichozishinda. Lakini vumbi lake ndilo Kaka alilolisaga na kulipuliza kwa kompresa miaka ishirini na sita, na sasa limekaa kwenye mapafu yake. Daktari amesema halitoki, na likiongezeka Kaka hatakuwa nasi muda mrefu. Alisema hivyo mbele yetu sote watatu, bila kuzunguka.

Siku ile Wifi alinishika mkono nje ya hospitali. "Wifi, niahidi lile sanduku halifunguliwi tena." Nikamwahidi.

Leo Kaka anafuta mikono, ananiambia, "Gari la Mwalimu linataka zile za mzee."

"Hapana."

"Nitasaga kwa maji, vumbi halitaruka."

"Kaka, hapana."

Amenuna mpaka tukafunga. Mara mbili leo.

Alhamisi, 7 Machi

Bado amenuna. Mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja yule muuza vipuri tunayemwita Bwana Dhamana, kwa sababu hajawahi kuuza kitu bila kukidhamini. Ungemwachia hata mvua angekupa dhamana ya miezi sita. Alitandaza sampuli zake mezani. Kulikuwa na moja nyeusi, ngumu, ambayo nilijaribu kuikwaruza kwa bisibisi ikanicheka. Nyingine ilikuwa ya kufumwa, rangi ya kahawia, nyuzi za shaba zinaonekana ndani yake, na kucha yangu iliacha alama. Zote mbili hazina asbesto.

"Hii nyeusi, dada yangu, utazeeka wewe, yenyewe utaiacha hapa hapa," akasema. "Hiyo ya kufumwa inaliwa haraka. Miaka miwili mteja karudi, anakulaumu."

Hapo akanipata. Kwenye ukuta wa gereji yetu baba aliandika kwa mkono wake, Kazi Yetu Hairudi, na sisi tumekulia chini ya maneno hayo. Mteja akirudi na shida ile ile, tunakosa usingizi. Nikachukua nyeusi.

Kaka aliishika, akaigonga kwa ukucha, akairudisha mezani. "Ngumu hii," akasema. Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Hakuongeza neno, na mimi nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza mwezi huu hatubishani.

Jumanne, 12 Machi

Nimepigilia viatu vyote vinane. Nilivaa barakoa, nikamfungia Kaka ofisini, akawa ananitazama dirishani na kunionyesha kwa vidole nimeruka ribiti ipi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ile siku ya hospitali. Nilikuwa nafanya kazi yake na yeye anapumua hewa safi.

Alasiri akalijaribu yeye. Tuna namna yetu ya kujaribu breki, tumeirithi. Unatoka getini, unapanda mlima, unateremka upande wa pili mguu ukiwa juu ya pedali hadi dramu zipate moto kidogo, ndipo unaanza kuzipima. Baba alikuwa akisema breki isiyopata moto bado haijaamka. Kaka alirudi baada ya nusu saa, dramu zinanukia, akakaa garini kidogo kabla ya kushuka. Nilidhani anatafuta pumzi.

"Zinashika," akasema.

"Vizuri?"

"Si nimeshasema zinashika?"

Mwalimu kalichukua gari jioni, kaondoka anapiga honi barabara nzima.

Jumatatu, 18 Machi

Mara mbili. Joto kali, mawingu yanakuja na kuondoka.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la stoo linavuja pale pale tulipoziba mwaka jana. Mara mbili, na kikohozi kirefu baada ya chai. Nilipomuuliza kasema ni pilipili, na chai haikuwa na pilipili.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Mara mbili.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Nimemuuliza Kaka kwa nini siku hizi hanitanii. Kasema nimezeeka, utani hauniingii tena. Angalau hilo lilikuwa utani.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mwalimu alipita kwa miguu na mwavuli, akasifu breki, hazilii tena hata kidogo. Kaka alimuuliza, "Zinakusimamisha vizuri?" Mwalimu akasema yeye mwendo wake ni wa kusimama tangu mwanzo. Tukacheka, mimi na Mwalimu. Kaka alikwenda nyuma kuangalia kitu.

Mara tatu.

Jumapili, 7 Aprili

Jana sikuweza kuandika.

Saa kumi jioni simu ililia, ni Mwalimu. Nilisikia mvua na watu wakipiga kelele kwa mbali. Kisha akasema, "Binti, nimemgonga mtu," simu ikakatika.

Tulikwenda kwa teksi mimi na Kaka, hadi ukumbi anakowapeleka maharusi siku zote. Geti la ule ukumbi lina nguzo mbili za zege. Gari la maharusi lilikuwa linaingia taratibu, taratibu hivi kwamba watu walikuwa wanatembea kando yake wakiimba. Mpiga picha alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume, kamera usoni, kama wanavyofanya wapiga picha wote wa harusi, huku akimwashiria Mwalimu kwa mkono: sogea, sogea, hapo hapo, simama. Mwalimu akakanyaga. Gari halikusimama. Lilimsukuma hadi kwenye nguzo na kumvunja mguu chini ya goti.

Bi harusi ndiye aliyeshuka wa kwanza, akapiga magoti matopeni na kumshika yule mtu kichwa. Tulipofika alikuwa bado pale, gauni limekuwa rangi ya udongo, anasema na kurudia, "Lakini halikuwa hata na mwendo. Halikuwa na mwendo kabisa."

Mwalimu tulimkuta ngazini, analowa, mwavuli ameushika haujafunguliwa. "Ni mguu wangu," akatuambia kabla hatujamuuliza. "Umezeeka. Niliuamrisha, ukachelewa." Nikamwambia asijiseme hivyo. Nikageuka ili Kaka naye aseme neno la kumtia moyo, maana yeye ndiye anayejua kuongea na wazee. Kaka hakusema. Alikuwa anatazama gurudumu la mbele linavyochuruzika maji.

Nilimkasirikia. Nilijiambia kwamba maradhi yamemfanya ajifikirie mwenyewe tu. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba ndivyo nilivyomwona siku hiyo.

Jumanne, 9 Aprili

Mkaguzi wa polisi alilichukua gari kutoka ukumbini akaliendesha mwenyewe hadi kituoni, kilomita sita, nyingi za mteremko, na kulipima alipofika. Breki nzima. Ameandika kwamba dereva alichelewa kukanyaga. Mwalimu alitia sahihi bila kusoma. Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na nne, akatia sahihi bila kusoma.

Mwalimu kalileta gari kwetu tutengeneze taa iliyovunjika. Ameweka funguo mezani na kusema hataendesha tena maisha yake. Kuna harusi moja aliyoahidi siku nyingi, tarehe ishirini, ametafuta dereva wa kukodi.

Niseme ukweli, nilisikia nafuu. Karatasi ya polisi inasema si breki, basi si mimi.

Mara tatu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Mara tatu. Wifi anasema Kaka halali, anakaa kitandani anatazama ukuta.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la Mwalimu lilikuwa limelala nje kwa sababu stoo imejaa maji. Saa mbili nililiwasha ili nilisogeze chini ya paa, hatua kama kumi na tano tu. Nilipofika nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu na imara, ilishuka vizuri kabisa, lakini gari likaendelea kutembea kama halijaambiwa kitu. Nikaongeza nguvu, nikanyanyuka kitini. Lilikwenda kutulia kwenye meza ya kazi, makopo ya ribiti yote chini.

Nililirudisha nyuma. Kisha nikafanya jambo ambalo sisi hatujawahi kulifanya gereji hii, baba wala Kaka wala mimi. Nilizijaribu zikiwa baridi.

Nilipanga matofali uwanjani kama alama. Nilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikakanyaga kwenye tofali la kwanza, na gari likasimama baada ya hatua nane. Nikalikanyaga mfululizo mara kumi nikizunguka uwanja, dramu zikapata joto, nikarudia. Hatua mbili. Nikasubiri lipoe, nikamwagia kila gurudumu ndoo ya maji. Hatua kumi na moja. Mpiga picha alikuwa hatua nne mbele ya gari.

Lainingi ngumu ni za malori na magari mazito yanayokimbia, ambayo breki zake hazipoi. Zinataka joto na zinataka nguvu, na gari la Mwalimu halina hata kimoja. Linatembea taratibu Jumamosi nzima, dramu baridi, mvua juu yake, mguu wa mzee wa miaka sabini na moja kwenye pedali. Niliuliza zitadumu muda gani. Sikuuliza zitashika lini. Zingedumu kweli, kwa sababu hazikuwa zinafanya kazi.

Kaka alifika saa tatu, akaona matofali, akaona ndoo. Akakaa juu ya tairi. Nilimweleza yote, nikilia.

"Usijilaumu," akasema.

"Nimlaumu nani?"

"Nimesema usijilaumu."

Nilitaka niende kwa Mwalimu saa ile ile. Kaka akasema tutengeneze kwanza ndipo tuseme, mtu huwezi kumpelekea mwenzio habari mbaya mikono mitupu. Nikakubali, na nadhani nilikubali upesi mno. Nimempigia Bwana Dhamana, nataka zile za kufumwa. Anasema wiki tatu.

Mara tatu.

Jumatano, 17 Aprili

Jumamosi ni ile harusi ya dereva wa kukodi. Nimesema tumwambie Mwalimu gari halijawa tayari. Kaka kaniuliza tutatoa sababu gani. Ipo moja tu. Kesho nakwenda mjini kwenye duka la Bwana Dhamana, labda ana mabaki ya seti moja nyuma ya kabati.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuwa na kitu. Nilirudi saa tisa, na nilipofungua geti tu nikasikia harufu. Nimekua nayo, siwezi kuikosea.

Sanduku la baba lilikuwa wazi. Gari lilikuwa limeshashushwa kutoka kwenye jeki, magurudumu yote manne yamefungwa, na Kaka amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Kope zake zilikuwa za kijivu. Nyusi, masharubu, nywele za mikononi, vyote vya kijivu. Kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi.

"Zijaribu," akasema. "Zikiwa baridi."

"Umezisaga kavu?"

"Kwa maji ningechelewa. Ungenikuta."

Nilimtukana. Maneno niliyoyatoa siyaandiki. Nilimvua shati, nikamwogesha pale pale kwa mpira wa maji kama tunavyoosha magari, na yeye mtu mzima wa miaka hamsini na mbili akasimama ameinua mikono. Barakoa ilikuwa imetundikwa msumarini, kavu. Anasema akiivaa anakosa hewa.

Nimelijaribu gari. Hatua moja na nusu, baridi, limelowa.

Jumamosi, 20 Aprili

Harusi imekwisha salama. Dereva wa kukodi amerudisha gari na kulisifia, anasema ukigusa tu limesimama.

Kaka amelazwa tangu saa tano asubuhi.

Jumanne, 23 Aprili

Ni nimonia, juu ya mapafu ambayo tayari yalikuwa hayana nafasi. Nilimuuliza daktari kama ni vumbi la Alhamisi. Amesema si la siku moja, ni la miaka ishirini na sita, na homa ya mapafu ingeweza kumpata hata akiwa kitandani kwake. Kisha akasema, "Lakini hiyo siku moja nayo hakuihitaji."

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Nilikaa kando yake. Nikasema, "Wifi, sikulifungua mimi."

"Najua hukulifungua."

Muuguzi akapita na toroli, akarudi.

"Lakini pia hukulitupa," akasema.

Ni kweli. Siku ile niliyoahidi ningeweza kulitoa. Nililisukuma chini ya rafu na kulifunika turubai, na sababu naijua. Nilikuwa naziogopa zile mpya. Nilitaka zikikataa niwe na pa kurudi. Nilimwahidi Wifi kwa mdomo na huku nyuma nikajiwekea akiba, na akiba yenyewe ni kifua cha mumewe.

Jumamosi, 27 Aprili

Hewa ya mtungi bado. Ameniambia nimenenepa. Mvua.

Alhamisi, 2 Mei

Ameanza kukaa. Mvua imepungua.

Jumatatu, 6 Mei

Lainingi za kufumwa zimefika. Bwana Dhamana alinikabidhi kwa huzuni, akanikumbusha zitaliwa. Nikamwambia ziliwe.

Ilinibidi nizitoe zile za Kaka. Ribiti zake nazijua, zimelala sawa kama zimepigwa na mashine, na aliyezipiga alikuwa hawezi kupanda ngazi tano. Nilifunga mlango, nikavaa barakoa na koti la mvua, kila kiatu nikakiloweka kwenye ndoo ya maji kabla ya kukigusa, nikakata kichwa kimoja kimoja cha ribiti chini ya maji. Kazi ya saa mbili ilinichukua siku nzima. Zote nimezifunga ndani ya plastiki mbili pamoja na sanduku la baba, na watu wa manispaa wamechukua vyote, na karatasi yao nimeitia sahihi. Nimesoma kabla ya kutia sahihi.

Jumatano, 8 Mei

Zimekaa. Nimezijaribu asubuhi, zimelowa, kabla hazijafanya lolote. Hatua mbili. Nimerudia mara ishirini. Hatua mbili.

Alhamisi, 9 Mei

Kaka ametoka hospitali. Kuna mashine ya hewa sebuleni na daktari amesema gereji basi, hata kukaa ofisini hapana.

Jumapili, 12 Mei

Wifi alikuwa kazini, nikakaa mimi na Kaka. Nilimwambia habari za breki za kufumwa, nikidhani atafurahi. Akaniuliza za mbele nimezikata pembe ili zisilie, nikasema nimezikata. Halafu akasema, "Mdogo wangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Ile siku nilipozijaribu. Pale getini, sijaingia hata barabarani, ikapita pikipiki. Nikakanyaga. Gari likaenda. Ile pikipiki niliikosa kwa unywele."

Nilisogeza kiti karibu naye.

"Nikaenda mlimani, zikapata moto, zikashika vizuri. Nilipokuambia zinashika sikudanganya." Alivuta hewa ya mashine mara mbili, tatu. "Nilidanganya."

"Kwa nini, Kaka?"

"Ulikuwa umezichagua kwa ajili ya kifua changu. Ulivaa ile barakoa, umenifungia ofisini, unafurahi. Sikuwa nimekuona hivyo tangu mzee afariki. Ningekuja kukuambia hazifai? Ungefungua sanduku kwa machozi, au tungeliacha gari na kumpoteza Mwalimu. Nikajiambia Mwalimu ni mtu wa taratibu, hatapata shida."

Nilitoka nje nikasimama uani. Nilimchukia robo saa nzima, namchukia mtu ambaye hawezi hata kuinuka kunifuata. Mwenye mguu uliovunjika ni mpiga picha, na aliyejichukulia lawama ni Mwalimu, na sisi wawili tulikuwa tunaoneana huruma. Kisha nikahesabu. Tangu tarehe kumi na tano Aprili mimi pia najua. Nimesubiri lainingi, nimesubiri homa ishuke, nimesubiri mvua ipungue.

Nilirudi ndani na kumwambia kesho avae shati safi.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imerudi. Wifi hakutaka Kaka atoke, tukamweleza tunakokwenda na kwa nini. Alimfunga skafu shingoni mwenyewe, kwa nguvu kidogo.

Niliendesha mimi gari la Mwalimu. Mzee alitufungulia mlango na fimbo mkononi. Hakuwa na fimbo kabla ya Aprili. Nilimwamkia, na kabla hajamaliza kuitikia Kaka akayasema yote, amesimama, ameshika fremu ya mlango, akikatika pumzi katikati ya maneno. Nikaongeza yangu.

Mwalimu alisikiliza kama anasomewa somo na mwanafunzi. "Wewe ulijua tarehe ngapi?" akamuuliza Kaka.

"Kumi na mbili Machi."

"Na wewe, binti?"

"Kumi na tano Aprili."

"Leo kumi na tatu Mei." Alitazama chini. "Kuna tofali chumbani kwangu. Kila asubuhi nalikanyaga mara mia, nione kama mguu unachelewa. Nahesabu kwa sauti. Jirani anadhani nasali."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na nilitamani atutukane.

"Yule kijana wa kamera mmeshamwambia?"

"Bado, Mwalimu."

Aliiegemeza fimbo ukutani na kunyoosha mkono. "Funguo."

Aliendesha yeye, Kaka kando yake, mimi nyuma. Alikwenda mwendo ule ule wa harusi ingawa barabara ilikuwa tupu, na kila penye dimbwi nililiona goti lake linainuka.

Mpiga picha anakaa nyumba inayotazama barabara. Alikuwa barazani, mguu wenye plasta ameunyoosha mbele juu ya kigoda. Alipoliona gari linakuja, aliushika kwa mikono miwili akauvuta kwake. Mwalimu akasimama hapo hapo, mbali, kiasi cha hatua ishirini, akazima injini.

"Shukeni," akasema.

Tukaenda kwenye mvua. Kaka alikataa nimshike. Alipofika barazani alisubiri pumzi irudi, kisha akasema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi garini, "Mguu wa Mwalimu hauna kosa. Breki hazikuwa zinashika, na mimi nilijua."

Mpiga picha hakumtazama. Alikuwa bado ameushika mguu wake kwa mikono miwili, macho yako kwenye gari.